Moshi Kwenye Kilima Chetu

Shikamoo mama yangu,

Mimi ni mzima, kikohozi cha safari kimeisha. Sijui kama mvua imeshaanza huko Katumba, au bado nyie mnatazama mawingu tu. Barua hii anakuletea mchuuzi wa dagaa atakayevuka ziwa na kushukia Kapalamsenga. Sikutaka ipite mikono mingi.

Uliniandikia kwamba umeliacha shamba la bondeni bila kulilima, mpaka nikaone kwetu Burundi na kukuambia kama ni pa kurudi. Kwa kuwa kazi ya gazeti imenileta hapa mjini, Ijumaa iliyopita nilipanda gari la mizigo hadi kilima chetu, kijiji tulichokikimbia. Nakuandikia nilichokiona na nilichokisikia, bila kuongeza.

Kwanza mazuri. Udongo ni mweusi na hauombi mbolea. Nyumba zimeezekwa kwa vigae. Zahanati ni mwendo wa nusu saa, wakati nyie mnambeba mgonjwa kwenye baiskeli nusu siku. Anayetaka kwenda sokoni anakwenda. Nyie hamfiki hata Kasokola bila kibali cha mkuu wa makazi ya wakimbizi. Ningeishia hapo, ungefunga mizigo kesho.

Lakini ni kimya, mama. Hapo Katumba Wasukuma wakiingiza ng'ombe kwenye mahindi mnatukanana hadi jioni, asubuhi mnanunua maziwa yao. Huku nilizunguka kilima kizima, sikusikia mtu akimwita mwenzake kwa sauti. Wananisalimia wakitazama viatu vyangu. Ndizi zimeiva migombani hadi zinadondoka, kando ya nyumba nzuri zilizofungwa milango. Niliuliza wenyewe wako wapi. Nikajibiwa, "Wapo."

Nyumba yetu ipo. Uwanja ulikuwa umefagiwa na moshi ulikuwa unatoka jikoni. Nilipiga hodi mara tatu, nikaingia. Hakukuwa na mtu. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, na juu ya mafiga chungu cha maji matupu kilikuwa kinachemka.

Generoza, yule jirani mliyekuwa mnalima pamoja, alitokea nyuma yangu. Alinikagua uso. "Una pua ya baba yako, maskini. Ungechukua ya mama." Kisha akanionya nisimtajie mtu jina langu.

Jumamosi asubuhi watu wote huitwa kwenye kazi ya barabara. Nilisimama pembeni kama mgeni wa Generoza. Ukungu ulikuwa mzito, niliona nyuso za mstari wa mbele tu. Kiongozi wa kilima alisoma majina kwenye daftari. Alisoma jina la baba, ambaye mimi mwenyewe nilimzika hapo Katumba. Sauti ikajibu kutoka kwenye ukungu, "Yupo." Akasoma lako, Paskazia. "Yupo, mguu unamsumbua." Akasoma langu. "Yupo." Ukungu ulipoinuka, majembe yalikuwa machache kuliko majina yaliyoitikiwa. Kiongozi alikwisha kufunga daftari.

Nilimwuliza Generoza kwa nini wanafanya hivyo.

"Mwaka mliokimbia askari walikuja wakauliza nani hayupo," akasema. "Aliyewajibu ndiye aliyeulizwa wenzake wamekwenda wapi. Walimchukua, hakurudi. Tangu siku hiyo kila mtu yupo."

Ndiyo maana wanapokezana kufagia uwanja wetu na kuwasha moto jikoni.

"Na huo mguu?"

"Wa kushoto. Ulimwanza wakati wa mavuno. Tulihitaji sababu ya yeye kutoonekana barabarani."

Mguu wako wa kushoto, mama, ulianza kuuma wakati wa mavuno. Mimi sikuwa nimemwambia. Sina maelezo.

Hapo ndipo nilipomweleza kwamba unataka kurudi. Alikaa chini kwenye majani. "Akija, tutasema ametoka wapi? Yumo humo ndani miaka yote. Watatuuliza tulikuwa tunamwitikia nani."

Aliniambia daftari linaandikwa upya mwezi ujao, na kila mtu atasimama mwenyewe mbele ya meza. Wasioweza kusimama inabidi wafe kabla ya hapo. "Baba yako ni rahisi, amekwisha kufa. Wewe tutasema ulioa mbali ukatusahau, hilo wataliamini upesi." Alicheka kidogo, akaacha. "Lakini dada yangu Paskazia siwezi kumzika bila mwanawe kukubali. Tutamlilia vizuri, mwanangu. Kweli kabisa tutamlilia."

Nimekubali, mama. Najua hukunituma kuamua, na najua kwamba ukishazikwa huku huna pa kurudi. Ukikataa, watakaolipa ni Generoza na kilima kizima. Nawe uliuliza wapi pana maisha bora. Hapo Katumba ukikosa kanisa Jumapili moja, mchana watu watatu wako mlangoni wanauliza una nini. Sikuona hilo huku. Lilime shamba la bondeni, upande mihogo.

Msalimie dada mkubwa na wanawe, na shemeji katekista, ambaye ndiye namwomba akusomee barua hii. Shangazi mpe salamu tu, asiisikie. Unamjua kwa kusimulia.

Mazishi yako ni Alhamisi ijayo, asubuhi. Siku hiyo usiende shambani peke yako. Kaa na watu, na uzungumze kwa sauti.

Mwanao,
Deo