Datura ya Bukavu Imechanua Kamina

Mama mupenzi,

Pokea salamu za dada na zangu toka hapa Kamina, fasi jua inakupiga mbele hata watu hawajakusalimia.

Zile mbegu za maua ya datura ulimutumia dada, alizifanya vile tu unazifanyaka kule Bukavu kwa sababu ya baridi: akaziloweka, akazifunika na plastiki, akaziweka karibu na mbabula, lile jiko ya makaa. Mama, kwa joto hii! Zikaoza, zikanuka. Kwa hasira akamwanga yote nyuma ya nyumba. Hakukuambia, aliogopa.

Leo pale nyuma kuko kichaka ya datura inanifika kwenye kiuno. Jioni, jua ikianza kuzama, majirani wanakuja na viti vyao, wanakaa kwa mistari sawa kanisani. Jana maua moja ilikuwa imejikunja kama mwavuli. Ikatetemeka, na upepo hakukuwa. Kisha ikajifungua mbele ya macho yetu, nyeupe pe, pana sawa sahani ya chai, na harufu ikajaa parsele, kiwanja yote ya nyumba. Shemeji, mwenye anaendeshaka treni na sauti yake inaipita treni yenyewe, akavua kofia. "Musogee, nami nione," akanong'ona.

Unasemaka weye uko mutu wa baridi, hauwezi kuota tena fasi ingine. Mbegu zako nazo tulisema zimekufa. Kati ya vile viti kuko kimoja dada anakitosha ndani ya nyumba kila jioni, na hakuna mwenye kukikalia. Ni chako.

Ujifunike muzuri na baridi ya ziwa, Mama. Ila ukikuja, blanketi usibebe.

Mutoto wako,
Espérance