Shikamoo Niliyompa Mdogo Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Barua ya pili ya kazi imekuja. Imeingia kwenye simu, haina bahasha, lakini binti yangu anaiita barua na mimi naiita barua. Ya kwanza ilitoka kule anakoishi mdogo wangu. Karakana kubwa ya meno bandia, ufundi wa binti yangu, ila kule mashine zinachonga jino zenyewe, fundi anasimamia tu. Hii ya leo ni ya nchi nyingine kabisa, tusikokuwa na mtu. Hospitali. Wanataka awe mkuu wa mafundi wa meno, afundishe wenzake watatu, na nyumba wanampa. Zote nzuri. Wanataka majibu kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo kwisha, tarehe kumi na nne.

Nilifurahi. Naandika hapa nisije nikajisingizia baadaye kwamba sikufurahi. Nilipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Binti yangu akacheka, akanikumbatia, halafu akasema, ngoja nimpigie mama mdogo. Hata viatu alikuwa hajavua.

Jumanne, 4 Machi

Kazini mashuka ya hoteli mbili kwa mpigo, mvuke mtindo mmoja. Mwenzangu wa pasi ya pili – tunamwita Kipaza, kunong'ona hakujui – alishawatangazia wote. "Mpisheni mama mtaalamu! Karibu atatuacha na majasho yetu."

Nikamwambia anayeondoka ni mtoto, mimi nabaki hapa hapa na wewe na mdomo wako.

"Sasa sura ya msibani ya nini, shoga? Si akienda kule ana mama mdogo? Mama mdogo si mama?"

Niliunguza foronya. Ya kwanza tangu mwaka juzi. Msimamizi akaniuliza kama naumwa, nikasema kichwa.

Alhamisi, 6 Machi

Leo jioni wameongea kwa video saa nzima. Mimi jikoni nasugua sufuria safi. Mdogo wangu alikuwa anamwonyesha chumba, dirisha, kabati, hata taulo. Taulo! Kisha wakacheka sana kwa kitu fulani, maneno ya kigeni yalikuwa mengi. Nikatoka na kitambaa mkononi, nikauliza, mnacheka nini na mimi nicheke.

"Aa, mama, ni vigumu kueleza."

Vigumu kueleza. Mimi niliacha shule darasa la nne ili huyo mdogo wangu apate mgongo wa kulalia mama yetu akienda kazini. Alipokua akaenda shule yeye, akaenda mpaka ilipoishia. Nilimpigia pasi sare kila Jumapili na sikumwonea kijicho hata siku moja. Kijicho kimekuja sasa, uzeeni, na kimekuja na njaa.

Kwenye mlango wa friji kuna karatasi, binti yangu ameigawa katikati kwa mstari. Upande mmoja kazi ya kwa mdogo wangu, upande wa pili ile ya kwingine. Uzuri na ubaya wa kila moja. Upande wa kwanza, juu kabisa: mama mdogo yupo. Nikasoma karatasi nzima polepole kwa kidole, nikijitafuta. Simo popote.

Jumamosi, 8 Machi

Sijui nianzie wapi. 

Binti yangu alitoka asubuhi kwenda kumalizia meno ya mteja, akasahau simu kwenye chaja. Ikaita. Mdogo wangu. Nikapokea nimwambie mwenyewe hayupo, Mungu shahidi. Kabla sijafungua mdomo vizuri akasema, "Mwanangu, afadhali umepokea. Nilitaka tuongee kabla mama yako hajaamka."

Kabla mama yako hajaamka! Kama mimi ni mlinzi wa geti.

Sauti yangu na ya binti yangu ni moja. Hata marehemu baba yake tulikuwa tunamchanganya kwenye simu. Nikasema, "Shikamoo, mama mdogo."

Nimeisema. Nimemwamkia mtoto niliyembeba mgongoni, niliyemfuta kamasi kwa kanga yangu.

Akaitikia, "Marahaba, mama." Kwa raha zake. Akauliza nimeamua nini, maana bosi wa karakana anamuuliza yeye kila siku, kuna mwingine anaitaka nafasi ile. Nikasema nimeamua. Naenda kule kwingine.

Kisha akauliza, mama yako ndiye kakwambia? Nikasema hapana, ni mimi mwenyewe.

"Na chumba nimeshakipaka rangi," akasema. "Kijani, ile ya nyumba tuliyokulia."

Sijui nani alinisukuma ulimi. Nikasema, "Ile ya mlango usiofunga?"

Nikasikia maji yanatiririka kwake, kisha bomba likafungwa.

"Haya," akasema. "Nimesikia." Akakata.

Nilikuwa nimeshaanza kukunja nguo ndipo ikanijia. Ile nyumba ilibomolewa binti yangu hajazaliwa. Atajuaje habari za mlango?

Nimeifuta ile simu kwenye orodha. Kufuta najua.

Jumapili, 9 Machi

Ujumbe wa mdogo wangu, kwenye simu yangu, kama kila Jumapili. "Shikamoo dada. Umeamkaje?"

Hakuna lingine. Nimeusoma mara nane. Kila Jumapili najibu marahaba bila hata kufikiri. Leo nimeandika mar, nimefuta. Nimeandika tena, nimefuta.

Jumatatu, 10 Machi

Sijajibu. Kipaza ananiuliza nimeng'atwa na nini.

Jumatano, 12 Machi

Binti yangu amerudi mapema, chokaa ya kuundia meno bado kwenye kucha. Hakwenda chumbani. Alikaa kwenye kigoda karibu na mimi, nachambua mboga, akaanza kuchambua na yeye.

"Mama, nimeamua. Naenda kwa mama mdogo."

Nikamuuliza kwa nini, na ile nyingine wanampa ukubwa na nyumba.

"Kule ningefundisha ninachokijua. Karakanani nitajifunza nisichokijua. Bado nataka kusoma, mama."

Ningempinga kwa lipi? Mtu wa darasa la nne anamwambiaje mtoto usisome? Na kwenye sababu zake hakumtaja mama mdogo hata kidogo. Ni mashine. Wiki nzima nagombana na taulo na rangi ya ukuta, kumbe mtoto anazitaka mashine.

Nikauliza, umeshamwambia mama mdogo?

"Bado. Nilitaka uwe wa kwanza kujua."

Wa kwanza! Nilikuwa nalilia neno hilo, na limekuja siwezi kulimeza. Nikainama kwenye sinia, nikasema vizuri mwanangu, vizuri sana. Nilitakiwa niseme pale pale habari za Jumamosi. Bosi wa kule pengine ameshampa mtu nafasi. Nilifungua mdomo, kikatoka, "Chumvi imekwisha, nenda dukani."

Alhamisi, 13 Machi

Saa tisa alasiri. Nimewahi kutoka kazini, nimesema tumbo. Nilitaka nimpigie mdogo wangu kabla yake. Nimechelewa. Nilipoingia binti yangu alikuwa ameshampigia, simu kwenye spika, anamwambia, nakuja, mama mdogo, ndiyo najaza fomu sasa hivi.

Nikapita moja kwa moja chumbani, nikachukua daftari. Mlango sikufunga. Nimesikia kila kitu.

Mdogo wangu hakushangilia. Alisema, "Kwanza muulize mama yako."

"Mama anajua. Amefurahi."

"Najua anajua. Muulize Jumamosi aliniambia nini. Na umwambie hivi: kama bosi wa kule nimemwambia au sijamwambia, hilo nitamjibu dada mwenyewe, akiniuliza kwa sauti yake."

Binti yangu amekuja na simu mkononi. Amekaa kitandani pangu. "Mama, Jumamosi mliongea nini?"

Nimemwambia asubiri, namalizia mstari.

Mstari umekwisha, nimeanza mwingine. Anaangalia kalamu inavyokwenda. Simu ameiweka kwenye shuka katikati yetu na haijakatwa, dakika zinahesabika. Namsikia mdogo wangu anavyopumua puani, vile vile kama alipokuwa analala mgongoni kwangu.