Opiyo na Odongo wamebeba nyumba nzima

Jumamosi jioni, huku ughaibuni, mtaa wetu wa Lozells. Mvua ya asubuhi imeisha, barabara bado imelowa, na miguu inaniuma kwa kusimama. Nimekaa kwenye ngazi na simu mkononi kwa sababu kila kiti kina mtu au sahani. Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi, kwa hiyo naiweka hapa.

Opiyo na Odongo wamefanya kazi.

Kwa wageni wa blogu hii: Opiyo na Odongo si watoto wangu. Ni inveta mbili za sola, zimetundikwa ukutani kwenye stoo ndogo nyuma ya jikoni. Zinachukua umeme wa paneli za juu ya paa na wa betri, zinaugeuza uwe stima ya kawaida ya nyumbani. Zimeunganishwa zifanye kazi kama mashine moja. Opiyo anaongoza, Odongo anafuata, na mzigo wanagawana nusu kwa nusu. Kwetu Kisumu mapacha wanaitwa hivyo, wa kwanza Opiyo, wa pili Odongo. Mume wangu Espoir ni Mkongo wa Bukavu, lakini majina hayo ameyashika kuliko mimi.

Leo ilikuwa siku ya shukrani. Mama Sifa, mama mkwe wangu, ametoka hospitalini baada ya homa ya mapafu ambayo ilikaribia kumchukua. Sasa anaishi na sisi, na anapumua kwa msaada wa mashine ya oksijeni inayonguruma kando ya kiti chake mchana kutwa. Tulialika watu wa kanisa, Wakenya na Wakongo. Mimi nipike pilau na chapati, Mama asimamie sombe akiwa amekaa, maana majani ya muhogo yakipikwa na mtu mwingine hayana heshima.

Halafu wiki hii ukaja ujumbe kwenye simu. Jumamosi, mtaa wetu hautakuwa na stima kuanzia asubuhi mpaka alasiri. Wanatengeneza waya ulio chini ya barabara.

Watu wa kampuni ya umeme walikuwa waungwana. Wanajua kuna mgonjwa hapa, kwa hiyo mama mmoja alipiga simu akasema wanaweza kutuma gari limpeleke Mama mahali penye umeme, akae huko mpaka kazi iishe. Mtungi wa oksijeni wa akiba tunao, lakini mimi ni nesi. Najua mtungi ule ni wa dharura, si wa kushindia kutwa huku watu wanakula pilau. Nikaona gari ni wazo zuri.

Espoir alimweleza Mama taratibu. Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Nilitoka mu manyumba mingi na mbio," alisema. "Mu hii, hapana. Mutaniacha hapa."

Katika moja ya mbio hizo za kukimbia vita, Espoir alikuwa mtoto mgongoni mwake. Mimi historia hiyo naijua vipande vipande, na huwa siulizi.

Kusema kweli hatukuwa na hofu. Si ndiyo sababu tuliweka sola? Alhamisi mchana, tukiwa wote nyumbani, Espoir alizima swichi kuu ili tuone nyumba itakavyokuwa leo. Taa zikabaki, friji ikabaki, mashine ya Mama ikaendelea kupumua. Tukagongeana viganja. Nikawasha jiko la umeme, nikawasha na birika, kama nitakavyofanya nikipika.

Odongo akapiga kelele. Taa yake ikawa nyekundu, akazima. Opiyo akabaki na mzigo wote peke yake, akastahimili kidogo tu, akazima pia.

Nyumba kimya. Kisha mashine ya Mama ikaanza ule mlio wake mrefu wa kulalamika.

"Courant inarudi, Mama! Inarudi!" Espoir alikuwa anakimbilia swichi kuu huku akigonga meza. Stima ilirudi upesi, Mama hakupata madhara. Lakini niliona alivyoshika mkono wa kiti. Nilimpima oksijeni, nikamtabasamia, nikaenda jikoni nikageukia sinki.

Fundi aliyetufungia mitambo alihamia mji mwingine. Nilimpata kwenye simu akiwa juu ya paa la mtu. Alinisikiliza nusu, akasema Odongo amekufa, ninunue mwingine, na mwingine anaagizwa, anachukua wiki kadhaa kufika. Nikamuuliza, je, Opiyo hawezi kubeba walau mashine ya Mama na taa? Akasema zilivyopangwa, mmoja akianguka wote wanaanguka, na kuwatenganisha si jambo la kuelezwa kwenye simu. Akakata.

Kuna waya mwembamba unaopita kati ya hao mapacha, ndio wanaoutumia kuzungumza. Nilisoma kwamba ukilegea hawaelewani. Jioni hiyo Espoir akaleta mpya, tukabadilisha, tukawasha jiko na birika. Zikakubali. Nilipiga kigelegele cha kwetu kabisa. Nikawasha oveni.

Kelele. Nyekundu. Giza.

Safari hii Mama alikuwa kwenye mtungi tayari, maana tuliamua kila jaribio apumulie mtungi kwa zile dakika chache. Alikuwa anatutazama kama mtu anayetazama watoto wakicheza na kitu cha baba yao.

Ijumaa niliamka na uzito. Nilikuwa na off kazini, mvua ilikuwa inapiga dirisha, na Espoir alikuwa amekaa mezani hajagusa chai.

"Bibi yangu, tukubali tu. Odongo imekufa. Tuahirishe fête. Mama nitamubembeleza, atapanda mu gari."

Niliandika ujumbe wa kuahirisha sherehe kwa kundi la kanisa. Niliuandika wote, na pole nyingi, na aya ya Biblia. Kidole kilikuwa juu ya kitufe.

Sikuutuma. Si kwa imani, naomba nisijisifu. Nilikuwa nimekasirika. Kuna kitu kilinikera katika neno hilo, amekufa. Amepimwa na nani?

Wodini, mashine ya presha ikinipa namba ya ajabu, sikimbilii kumwita daktari. Kwanza nabadilisha. Mgonjwa yuleyule, mashine nyingine. Namba mbaya ikimfuata mgonjwa, basi mgonjwa anaumwa. Ikibaki na mashine, mashine ndiyo inayoumwa. Hilo nalifanya kila shifti, na kwa Odongo hakuna aliyelifanya. Tulimhukumu kwa sababu yeye ndiye anayepiga kelele.

"Tuwabadilishe nafasi," nikamwambia Espoir. "Odongo akae kwa Opiyo, Opiyo akae kwa Odongo."

Alinitazama kama nimesema tubadilishane viatu. Lakini aliinuka.

Tulizima kila kitu: paneli, betri, stima ya nje. Tukasubiri mpaka umeme uliojificha ndani uishe, kama kitabu cha maelezo kinavyosema, na tukapima kuhakikisha. Inveta hizo ni nzito. Espoir alizishusha moja moja huku anahema na kuongea Kifaransa cha kujipa moyo. Tukazitundika upya, tukazipanga nani aongoze nani afuate, tukawasha. Mama kwenye mtungi. Jiko. Birika. Oveni.

Ikalia. Lakini aliyelia hakuwa Odongo.

Alikuwa Opiyo! Opiyo, mzaliwa wa kwanza, ambaye tangu tumnunue hajawahi kutoa hata mlio. Alipokaa pale mahali pa ndugu yake, akaanguka vilevile. Na Odongo, marehemu wetu, alikuwa upande wa pili, kijani, amebeba mzigo mpaka ukamzidi.

"Si yeye!" Nilipiga kelele mpaka Mama akauliza nani ameingia. "Si Odongo! Ni mahali alipokaa!"

Espoir aliinua mkono kunisimamisha. "Attends. Attends. Rudilia tena, pole pole."

Nikarudia. Inveta zote mbili nzima. Ugonjwa uko kwenye nyaya za upande ule. Akatazama ukuta, akanitazama, akaanza kucheka, kile kicheko cha mtu aliyekuwa amejiandaa kwa msiba.

Tuliwasha tena na mzigo mdogo, birika peke yake, tukapima kwa mita. Kwenye betri, nguvu ilikuwa sawa kwa wote wawili. Kwenye mlango wa inveta ya kushoto, karibu ileile. Ya kulia, pale mahali pa Odongo, ilikuwa imeshuka. Umeme ulikuwa unatoka kwa betri vizuri na unapotelea njiani. Mzigo ukiwa mdogo inveta inavumilia. Ukiongezeka, inveta inahisi kama betri imeisha, na inalia kwa haki.

Nikapitisha mkono juu ya ganda la waya mnene unaoiunganisha inveta hiyo na betri, kama ninavyotafuta uvimbe kwenye mguu wa mgonjwa. Baridi, baridi, baridi. Kisha, karibu na unapofungwa kwenye upau wa shaba wa betri, vuguvugu.

Tukazima tena kila kitu, tukafungua kifuniko. Kwa macho hakuna kasoro. Boliti imekaza, kile kichwa cha shaba cha mwisho wa waya kinang'aa. Espoir akaushika waya akauvuta kidogo tu.

Ukatoka.

Ulitoka kwenye kile kichwa kama mguu unaotoka kwenye soksi. Haukuwa umebanwa vizuri siku ya kwanza. Nyuzi chache ndizo zilikuwa zimeshika, zingine zimekuwa nyeusi kwa joto. Tulikaa sakafuni tukiutazama. Nilihisi furaha na hofu pamoja, maana kitu kama hicho kingeweza kutuunguzia nyumba, na Mama ndani.

Nilivaa koti nikapanda basi mpaka Alum Rock, kwenye duka la vifaa vya umeme lililobanwa kati ya maduka mawili ya nguo za harusi. Nilinunua waya mnene, vichwa vya shaba, na nikarudi na miguu iliyolowa na roho nyepesi. Espoir alikuwa ameazima koleo la kubania kwa mwenzake wa kazini, lile refu la mikono miwili. Tulikata nyaya mpya kwa pande zote, zenye urefu sawa, ili asiwepo wa kupendelewa. Alibana, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Akabana, nikavuta. Hakuna kilichotoka.

Jiko. Birika. Oveni. Maikrowevu. Nikaleta na vakyumu ya kufyonza vumbi, nikaiwasha katikati ya jikoni bila sababu.

Kijani. Kijani. Mzigo nusu kwa nusu, kama ndugu walioelewana.

Espoir alinishika kiuno tukacheza palepale na vakyumu ikivuma, na Mama akaita kutoka sebuleni, "Ni fête ya kesho, ao ni ya leo?"

Basi leo. Asubuhi nilikuwa nakata vitunguu, nikasikia mlio mfupi mtaani, king'ora cha nyumba ya mtu. Nikatoka mlangoni. Dirisha la duka la kona lilikuwa jeusi, mwenyewe amesimama nje na mikono kiunoni. Nikarudi ndani kuangalia kwetu, na kwetu hakukuwa na cha kuangalia. Friji ilikuwa inanguruma, mashine ya Mama inapumua. Sikuona hata taa kupepesa.

"Courant imekatika?" Mama aliuliza.

"Imekatika, Mama."

Alisikiliza mashine yake kwa muda. Kisha akasema, "Haya. Lete ile sombe nionje."

Watu wakaja. Pilau ikaiva, chapati zikarundikana, makayabu, wale samaki wa chumvi wa Wakongo, yakanukia mpaka barabarani. Mchungaji aliomba kwa Kiswahili cha Nairobi, mzee wa Uvira akafunga kwa cha kwao, wote tukasema amina. Espoir alimpeleka kila mwanamume stoo kumwonyesha taa mbili za kijani. Hata wale waliokwisha kuziona aliwapeleka tena.

Watu walikuwa bado wanakula mlango ulipogongwa. Alikuwa Nasreen, jirani wa upande wa pili wa barabara, ana mjukuu begani na chupa ya maziwa mkononi. Alisema ameona taa zetu. Je, angeweza kupasha maziwa? Nyuma yake mzee wa nyumba ya kona alikuwa ameshika simu na chaja, anajifanya anapita tu.

Kabla sijafungua mdomo, Mama Sifa aliinua mkono kutoka kwenye kiti chake, ule mrija wa oksijeni ukainuka nao.

"Karibu! Ingieni! Ingieni mukule!"

Nasreen hajui Kiswahili. Aliingia. Mama akasogeza mkoba wake, akapigapiga kiti kilicho kando yake, akampokea mtoto mapajani. Espoir alikuwa amesimama mlangoni na sahani, chakula kikipoa, anamtazama mama yake.

Baadaye, nikimwekea Mama chai, alinivuta mkono nikainama.

"Mutoto wangu," aliniambia polepole, "miaka yote, ni mimi nilikuwaka nabisha ku milango ya watu. Leo umeona?"

"Nimeona, Mama."

Aliendelea kunywa chai.

Sasa stima ya mtaa imerudi, na hakuna aliyejali. Huko sebuleni kwaya imeanza tena na mzee wa kona anapiga makofi nje kabisa ya mdundo. Kesho nina shifti ya asubuhi. Nitafika wodini na macho mekundu, nitaulizwa wikendi ilikuwaje, na sijui nitaanzia wapi.