Wageni wa Mzee Marko Katika Ripoti ya Usalama

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Eliana Yeremia
Umri: Miaka 29
Kazi: Mwalimu wa kujitolea
Makazi: Misigiri, Wilaya ya Iramba
Tarehe: 22/09/2025, saa 4:20 asubuhi

Mnamo tarehe 11/03/2025 alifika Misigiri mtafiti aitwaye Fredrick, wa Taasisi ya Upeo wa Usalama ya Dar es Salaam. Alisema wanachunguza shida ya maji, akanichukua niwahoji watu kwa Kinyiramba na kujaza dodoso. Niliona maswali ya maji ni mawili tu. Yaliyobaki yote yaliuliza habari za wageni. Nilimuuliza sababu, akasema ndivyo tafiti zilivyo. Nikaendelea na kazi.

Tarehe 13/03/2025 nilimhoji Mzee Marko, mfugaji, kaka wa baba yangu. Alieleza kuwa watoto watano wa dada yake walitoka Manyoni na ng'ombe kutafuta maji, wakakaa kwake wiki mbili. Walikuwa na mikuki, kama wachungaji wote. Niliandika hivyo hivyo.

Tarehe 15/09/2025 Mzee Marko alichukuliwa na polisi kwa mahojiano. Siku hiyo hiyo mtendaji wa kijiji alinionyesha ripoti ya taasisi ile kwenye simu yake. Ilisema Misigiri kuna "kambi ya vijana wenye silaha", na mwenyeji wao ni mfugaji mwenye boma kando ya bwawa. Boma hapo ni moja tu, la Mzee Marko. Mtendaji alisema ripoti imeshafika kwa wapanga mipango ya usalama Dodoma, na agizo jipya la kuwasaka wafugaji wanaohama limetokana nayo.

Nilimpigia simu Fredrick. Alijibu, "Dada, wakubwa hawasomi habari za ng'ombe. Tumeandika kwa lugha wanayoielewa."

Nilimwambia kuna mtu amekamatwa. Akanishauri nikae kimya, kwa kuwa jina langu limo kwenye ripoti.

Niliisoma upya ripoti ile kwenye simu ya mtendaji. Ukurasa wa mwisho unaonyesha mapendekezo yalipitishwa Januari 2025. Mimi niliwahoji watu Machi. Tangu hapo najiuliza walitutafutia nini.

Tarehe 19/09/2025 nilileta hapa kituoni picha za madodoso nilizopiga kabla ya kumkabidhi Fredrick madodoso yenyewe. Leo saa 3:00 asubuhi Mzee Marko ameachiwa. Nilikuwa barazani, nikamwamkia, "Shikamoo, baba mkubwa." Alinitazama, akapita. Tangu nizaliwe hajawahi kuacha kuniitikia.

Niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe ni hayo. Nimesomewa, nimeyakubali kuwa ni kweli.

Sahihi ya shahidi: E. Yeremia

Maelezo yameandikwa nami, Koplo Peniel, kwa Kiswahili. Shahidi amesaini mbele yangu saa 5:35 asubuhi. Picha kumi na nane za madodoso zimepokelewa. Fredrick ameitwa kituoni. Simu yake haipatikani.