Volti Mia Mbili Hamsini

5 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Hujambo huko chuoni? Umeme wenu wa darasani unaingia kichwani? Sisi wazima, tunasukuma siku. Wifi yako anakusalimu, anasema ukikonda atakuja kukulisha mwenyewe.

Nisaidie. Nimeletewa amplifaya ya kwaya. Kapasita yake kubwa, kile kikopo cha kuhifadhi umeme, ilikufa, nikaweka nyingine iliyoandikwa volti 250, nayo ikafura. Mita yangu inasoma umeme wa ukutani 230 tu. Sasa hizo ishirini za ziada hazitoshi? Wanakwaya wameniganda kama kupe. Nijibu upesi.

Kaka yako

11 Machi

Kaka,

Shikamoo. Mimi mzima, mwambie wifi mashavu bado ninayo.

Barua yako nimeipata leo. Usiiwashe amplifaya hiyo! Mita haidanganyi, ila haisemi yote. Umeme huu hupanda, hushuka, hugeukia upande wa pili, bila kutulia. Ile 230 inaitwa RMS, maana yake unaipasha balbu moto sawasawa na betri ya volti 230. Lakini wimbi lenyewe hufika kileleni: 230 mara 1.41, karibu 325. Umeme ukishapita kwenye dayodi, inayouruhusu kwenda upande mmoja tu, kapasita hujaa mpaka kilele hicho. Weka ya 450. Na uso wako uwe mbali, kaka.

Mdogo wako

9 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Hamjambo nyumbani? Mbona kimya? Barua yangu ilifika? Niandikie hata mstari mmoja.

Mdogo wako

20 Mei

Mdogo wangu,

Usishtukie mwandiko. Mimi nasema, wifi yako anaandika.

Barua yako ilinikuta hospitali. Nilidhani kapasita ile ilikuwa mbovu tu, nikanunua nyingine ya 250. Nikainama kusikiliza kama inavuma. Ikanilipukia. Macho yote mawili, mdogo wangu. Daktari amefika mwisho wa uwezo wake.

Wifi yako amenisomea maelezo yako, nimeyaelewa. Usijilaumu, ulijibu siku ileile. Na chuo usiache, tafadhali.

Jumapili tumepata mtoto wa kike. Kila anayeingia anasema ni wewe mtupu, pua mpaka paji la uso. Nimempapasa, nikampapasa tena, sijakuona. Ukija likizo, niruhusu nikushike uso na wewe, nijue wanasema nini.

Kaka yako