Nusu Kilo ya Funguo

Baba watoto,

Ukirudi mchana, chakula kiko kwenye sufuria, kipashe moto mwenyewe. Na betri ya tatu usinunue!

Asubuhi uliniambia mbele ya majirani kwamba nasukuma gari kama sijala, ukatupa funguo mezani, ukaondoka kwa miguu. Nikajaribu ufunguo wangu wa akiba, ambao hauna hata kamba. Gari likawaka papo hapo. Nikatia wako: kimya. Wangu: likawaka. Mara nne hivyo hivyo.

Basi nikaupima mtungo wako wa funguo kwenye mizani ya jikoni. Nusu kilo! Funguo kumi na saba, ukiwemo wa nyumba tuliyohama, pamoja na kufuli la baiskeli yako iliyoibiwa. Mzigo wote huo unaning'inia kwenye swichi ya kuwashia, iliyochakaa, na kuivuta, halafu gari likigoma unalaumu betri, unalaumu baridi, unanilaumu mimi. Fundi abadilishe swichi tu, asiguse kingine.

Gari nimeondoka nalo. ~~Jioni nitakupitia kazini.~~ Jioni rudi kwa miguu, funguo zako zikusindikize.

Mkeo,
msukumaji mstaafu