Kazi ya Noella iko na jina yangu

Mama Pudentienne wa mashauri, minye ni Fiston wa Rugenge, kamata kiti kwanza juu hii mambo haifai kuisikiliza umesimama, unisaidie.

Minye na Noella, mama wa Teta, tulitengeneza programme ya kutuma SMS kwa wachungaji wa ngombe kule juu kwa milima wakati chanjo inakaribia, masomo yangu ni ya primaire tu lakini mudomo iko na diplome, basi Noella aliandika karibu yote, minye natafuta wateja, mu programme nilitia salamu tu, "Muzee, ngombe yako inakusalimia", wazee wanachekaka mpaka wanaonyeshana simu. Kazi tulikuwa tunaichunga mu Subversion, ile daftari ya waandika programme, kwa ordinateur, kompyuta yangu ya zamani, kila mustari inaonyesha nani aliiandika na siku gani, kisha Noella akahamia Kamanyola, na shirika moja yenye ilipenda programme yetu ikaniambia wao wanatumia daftari ingine, Git, hizi mbili hazisikilizane hata kidogo, lazima kuhamisha yote na historia yake, nikaanza, mashine ikaniuliza, huyu "mamateta" ni nani, leta jina na email, ndiyo jina Noella alikuwa anaandikia nayo, nikamupigia, simu haipite, nikaandika jina yangu na email yangu, nikasema kesho nitarekebisha, Mama, ile kesho iko na miezi tatu sasa.

Juzi bwana Damien wa shirika akafungua akaona Fiston, Fiston, Fiston, akaniuliza, "Sehemu ya kurudilia kutuma SMS kama reseau ya simu imekatika, ni weye uliandika?" Mudomo ikanitangulia kujibu: "Ni minye, patron." Sasa wananipa kazi, nafasi ni moja, naanza lundi, na jana Noella akanipigia, "Kaka Fiston, nasikia wanatafuta muntu, unisemee kwao," nikakohoa mpaka akaniambia nikunywe maji. Na ile ordinateur ya zamani, kijana mumoja, Lionel, anakuja kuinunua samedi, siku mbili kabla ya lundi, ataifuta yote. Niuze ninyamaze, ama nifanye nini?

*

Fiston, nimecheka, kisha nikakasirika. Usijifiche nyuma ya email. Simu kukosa kupita ilikuwa ya siku moja. "Ni minye, patron" ni weye ulisema. Na reseau ikikatika kule juu, wakuambie rekebisha, utakohoa tena?

Najua unahitaji kazi. Noella naye anahitaji, na kazi yenye angewaonyesha weye umeikalia.

Lionel, umwambie leo asikuje. Ile ordinateur ndiyo shahidi moja tu mwenye Noella amebakia naye, haiuzwe. Kisha umupigie Noella, si message, umupigie, umwambie yote, akutukane mpaka amalize. Akimaliza, umuombe email yake. Kwa ile liste ya majina yenye mashine ilikuomba, pa "mamateta", futa jina yako, andika yake, na uhamishe yote upya tangu mustari ya kwanza. Ile Git ya uongo uitupe. Kabla lundi ifike, muende kwa Damien nyinyi wawili, na weye ndiye uanze kusema.

Pengine utakosa kazi. Uikose. Lakini ile salamu ya ngombe iache na jina yako, hiyo uliandika kweli. Na Damien akiuliza nani anachekesha wazee mpaka wanasoma SMS, hapo sasa ujibu mbio: "Ni minye, patron."